Kengele ya mama imepanda bei, na anayejibu hamwelewi

Maswali ya wasomaji walioko Uingereza. Anayejibu alikuwa msimamizi wa majengo ya wazee mashariki ya London kabla ya kustaafu.

SWALI

Shikamoo Bi Mkubwa. Mama yangu ana miaka 79, mzaliwa wa Mombasa, na anaishi peke yake hapa Leicester kwenye jengo la wazee la shirika moja la nyumba. Ana chumba na sebule, ghorofa ya pili, lifti ipo. Kila chumba kina kamba nyekundu ya kuvuta ukipatwa na jambo, na mwenyewe amepewa kidude cha kuvaa shingoni. Februari ililetwa barua: ada ya kengele ya dharura inapanda kutoka pauni 3.85 kwa wiki hadi 9.40 kuanzia Aprili. Sababu wanasema ni "gharama za mtoa huduma mpya". Barua hiyohiyo inasema Housing Benefit, ambayo ndiyo inayomlipia kodi, haigusi kengele, kwa hiyo mama atoe mfukoni. Yeye hana zaidi ya pensheni na Pension Credit, ile nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo.

Na huduma yenyewe sasa! Zamani kulikuwa na mama mmoja ofisini chini. Ukivuta kamba anapanda mwenyewe. Ofisi ile imefungwa, hupita mtu Jumanne asubuhi, anagonga mlango, anaondoka. Novemba mama aliteleza bafuni akavuta kamba. Sauti ikatoka kwenye kisanduku cha ukutani, Kiingereza cha haraka. Mama akawa anaita, "Njooni, nimeanguka!" Yule wa upande wa pili akauliza tena, akauliza tena, kisha kimya. Muda ulipita ndipo nikapigiwa mimi, niko kazini Loughborough. Alhamdulillah hakuvunjika.

Kaka yangu anasema tuache kulipa. Mama anasema waje wachukue kamba zao. Mimi niko katikati. Tuna haki gani?

*Binti wa Leicester*

JIBU

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole zangu, na umwambie kamba asiikatae. Hasira yake naielewa, lakini bafu ni lilelile na sakafu ni ileile.

Kaka yako naye atulie. Ada ya kengele mara nyingi imeandikwa ndani ya mkataba wa upangaji pamoja na kodi. Msipoilipa, kwenye vitabu vya shirika inasomeka kwamba mama anadaiwa kodi, na deni la kodi ndilo linalomfikisha mtu mahakamani. Lipeni, huku mkiandika barua au imeili kwamba mnalipa bila kukubali kiwango na mnataka maelezo. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985, kifungu cha 27A, inasema mtu hahesabiwi kuwa ameikubali ada ya huduma kwa sababu tu ameilipa. Kwa hiyo kulipa hakukufungii mlango wa kudai. Kutolipa kunaweza kumfungia mama mlango wa nyumba.

Sasa toa mkataba kwenye ule mfuko wa plastiki anaoweka pasipoti, vyeti na barua za hospitali. (Wazee wetu wote wana mfuko huo, nimeufungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.) Tafuta ukurasa wa ada za huduma, uangalie jambo moja: ada ni ya kubadilika au ni ya kudumu? Hapo ndipo malalamiko mengi hufa, na mwenye kulalamika hajui yamefia wapi.

Ada ya kubadilika ni ile inayofuata gharama halisi. Mwisho wa mwaka wanapiga hesabu: kama mlilipa zaidi mnarudishiwa au inapunguzwa mwaka ujao, kama mlilipa pungufu mnaongezwa. Ada ya kudumu ni kiasi kilichopangwa kwa mwaka mzima, gharama ziwe juu au chini. Kwa England, ulinzi mkubwa wa sheria ya 1985 ni wa ada za kubadilika tu. Ikiwa ya mama ni ya kudumu, lile baraza la kusikiliza mashauri ya nyumba, First-tier Tribunal, haliwezi kupima kama 9.40 ni bei ya haki. Mtabaki na maneno ya mkataba wenyewe (unaruhusu kupandisha? kwa notisi ya muda gani?) na njia ya malalamiko, ambayo nitaifikia.

Nikudhanie mema, kwamba ni ya kubadilika. Basi una mengi ya kushika.

Kwanza, kifungu cha 19: shirika linaruhusiwa kumtoza mama gharama iliyoingiwa kwa busara tu, na kwa huduma yenye kiwango kinachofaa. Pili, kifungu cha 21: andika kuomba muhtasari wa gharama za mwaka. Ukishaupata, una miezi sita ya kuomba kukagua risiti na ankara zenyewe chini ya kifungu cha 22. Kukagua hakuna malipo. Nakala unaweza kutozwa. Wenye nyumba wengi wakipokea barua inayotaja vifungu hivi kwa namba, lugha yao hubadilika. Nimekaa upande ule wa meza, nimeona barua zenye namba zinavyopelekwa kwa meneja na zisizo na namba zinavyowekwa kwenye trei.

Tatu, na hili ningelianza nalo kama ningekuwa wewe: muulize huyo "mtoa huduma mpya" amepewa mkataba wa muda gani. Sheria inasema mwenye nyumba akitaka kuingia mkataba wa zaidi ya miezi 12, na kuna mpangaji yeyote atakayelipa zaidi ya pauni 100 kwa mwaka kwa ajili ya mkataba huo, lazima awaandikie wapangaji kabla, awape nafasi ya kusema neno, kisha ndio asaini. Pauni 9.40 mara wiki 52 ni 488.80. Ikiwa mkataba ni wa miaka mitatu na mama hakuletewa notisi, basi kwa mkataba huo hawawezi kudai zaidi ya pauni 100 kwa mwaka, yaani kama pauni 1.92 kwa wiki. Ni chini hata ya ile 3.85 ya zamani. Shirika linaweza kwenda barazani kuomba lisamehewe kosa hilo, na huwa linasamehewa iwapo wapangaji hawakudhurika na kutoulizwa kwao. Hata hivyo ni wao watakaokwenda kujieleza, siyo mama.

Waulize pia wamegawanya kwa ngapi. Swali hili dogo limewahi kuwatoa watu jasho. Jengo lina nyumba 40, tuseme, na 9 ziko tupu zinasubiri rangi. Gharama ya kituo cha kupokea simu imegawanywa kwa 40 au kwa 31? Nyumba tupu ni mzigo wa mwenye nyumba. Bibi wa ghorofa ya pili hapaswi kulipia kamba inayoning'inia kwenye chumba kisicho na mtu.

Sasa Housing Benefit. Barua imesema kweli, ingawa huenda haikusema kweli yote. Kanuni za Housing Benefit za mwaka 2006 zina orodha ya ada zisizolipwa, na mfumo wa kengele ya dharura umo ndani yake kwa jina. Haikuwa hivi siku zote kwa mzee maskini. Mwaka 2003 serikali ilianzisha mfuko ulioitwa Supporting People, na kengele za wengi na mishahara yetu sisi wasimamizi ikawa inatoka huko. Mwaka 2009 fedha zile ziliondolewa uzio: kaunsili zikaruhusiwa kuzitumia kwa mambo mengine, na miaka ya kubana matumizi ilipokuja, unajua mwenyewe kilichofuata. Yule mama wa ofisini chini hakuondoka kwa kupenda. Mwaka huohuo wa 2009 wazee wa Barnet na wa Portsmouth walikwenda Mahakama Kuu kupinga kuondolewa kwa wasimamizi wanaoishi nao jengoni, wakashinda, kwa sababu kaunsili hazikupima ipasavyo athari kwa wenye ulemavu. Ulikuwa ushindi mtamu. Wasimamizi waliendelea kupungua hata hivyo. Na mimi nasema wazi: kumwambia mtu anayeishi kwa Pension Credit kwamba serikali itamlipia taa za korido lakini siyo kamba ya kumwokoa bafuni ni jambo ambalo sijawahi kusikia likitetewa na mtu aliyewahi kumuinua mzee sakafuni.

Turudi kwenye ile kweli isiyosemwa yote. Waombe waichambue 9.40. Mara nyingi kwenye mstari ulioandikwa "kengele" wametia na matengenezo ya king'ora cha moto, intakomu ya mlango wa chini, hata kamera za korido. Hivyo ni vitu vya jengo kwa wote, na kwa kawaida Housing Benefit inavilipa. Ikiwa pauni 3 kati ya 9.40 ni za king'ora cha moto, zihamishiwe kwenye safu inayolipwa, na shirika liipelekee kaunsili mchanganuo uliosahihishwa. Kaunsili ikikataa, mama ana mwezi mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi kuomba waangalie upya au kukata rufaa.

Nije kwenye lile la Novemba, ambalo kwangu ni zito kuliko pesa. Kituo kinachopokea simu kina ukurasa wa kila mkaazi. Mama akivuta kamba, anayejibu anaona kwenye kioo jina, namba ya nyumba, maradhi, nani ana ufunguo, nani apigiwe. Pale pana nafasi ya kuandika kwamba anasema Kiswahili, Kiingereza kidogo, na kwamba asipoeleweka ichukuliwe ni dharura. Nina wasiwasi hakuna aliyeijaza walipobadilisha kampuni. Piga simu leo, usingoje mambo ya ada. Waambie na mkalimani wa simu. Vituo vingi vina mkataba na huduma za ukalimani. Mfundishe mama maneno mawili tu, *help* na *fall*, ayaseme hata akiwa amelala chini. Na ukiwa bafuni kwake hebu tazama kamba. Inafika karibu na sakafu? Au imefungwa fundo juu ili isisumbue mtu wa usafi? Aliyeanguka haifikii kamba iliyofungwa kwenye bomba la taulo. Nilikuwa nazifungua kila wiki, na wiki inayofuata nazikuta zimefungwa.

Halafu dai kumbukumbu. Chini ya sheria ya ulinzi wa data mama ana haki ya kupewa taarifa zake bure ndani ya mwezi mmoja: kamba ilivutwa saa ngapi, ikajibiwa baada ya sekunde ngapi, wewe ukapigiwa saa ngapi, na mara nyingi hata sauti iliyorekodiwa. Omba kwa maandishi, kwa shirika na kwa kituo. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako chini ya kifungu cha 19, kwamba bei imepanda zaidi ya mara mbili na huduma imeshuka.

Ukiwa nayo mkononi, peleka malalamiko rasmi. Kwa kanuni za Housing Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nyumba, shirika linatakiwa kujibu hatua ya kwanza ndani ya siku 10 za kazi baada ya kukiri kupokea, na hatua ya pili ndani ya siku 20. Msiporidhika ndipo mwende kwa Ombudsman mwenyewe, bila malipo. Lakini mjue nani anafanya nini: Ombudsman ataangalia jinsi mlivyohudumiwa, mlivyojibiwa na mlivyoelezwa, bei yenyewe kuwa juu au chini si kazi yake, hiyo ni ya baraza. Barazani kuna ada ya kufungua shauri, na mwenye kipato cha mama anaweza kuomba asamehewe. Wakili si lazima. Mkifika huko, ombeni na amri ya kifungu cha 20C, ili shirika lisije likawagawia wapangaji gharama za wakili wake kupitia ada za huduma za mwaka ujao. Ndiyo, huwa wanafanya.

Na sasa swali ambalo hukuuliza. Mama anapata Attendance Allowance?

Nauliza kwa sababu kwenye barua umetaja pensheni na Pension Credit tu. Hii ni posho ya aliyefikia umri wa pensheni na anayehitaji msaada wa mwili au kuangaliwa, na haitazami ana pesa kiasi gani. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki kwa anayehitaji msaada mchana au usiku, na 110.40 kwa anayehitaji mchana na usiku. Tena, kwa kuwa mama anaishi peke yake na yumo kwenye Pension Credit, akiipata anaweza kuongezewa humo za ulemavu mkubwa, ambazo kwa mwaka huohuo zilikuwa pauni 82.90. Jumlisha hata kwa kiwango cha chini: 156.80 kwa wiki. Ile 9.40 unaweza kuendelea kuipigania kwa haki yako, lakini mama hatakosa maziwa kwa ajili yake. Angalizo: ikiwa wewe au kaka yako mnapokea Carer's Allowance (posho ya anayemtunza mtu) kwa ajili yake, ile nyongeza ya 82.90 haitoki. Na kama mama yuko kwa visa inayokataza fedha za umma, asijaze chochote kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji.

Piga simu uombe fomu. Ukiirudisha ndani ya wiki sita, tarehe ya simu ndiyo inayohesabiwa. Fomu ujaze wewe, siyo yeye peke yake, na nakwambia kwa nini. Nimekaa na wazee wetu wengi mbele ya fomu ile. "Mama, unaweza kuoga mwenyewe?" "Alhamdulillah, naoga." Kumbe anaoga mara moja kwa wiki, siku ambayo binti yake yupo nje ya mlango. "Unalala vizuri?" "Tunamshukuru Mungu." Kumbe anaamka mara nne kwenda msalani huku ameshika ukuta. Kushukuru ni adabu yetu na Mungu anajua, ila anayesoma fomu ile ofisini hajui, yeye anaona tu kwamba huyu ni mzima. Andika yale unayoyaona kwa macho: anavaa khanga kwa sababu vifungo vimemshinda, anapika akiwa amekaa, sufuria ya maji moto haibebi. Wanapima msaada anaouhitaji, siyo anaoupata, kwa hiyo usiseme "hana msaidizi" ukadhani umemaliza.

SWALI

Assalaam alaykum. Mimi na mke wangu tulinunua nyumba ndogo kwenye jengo la wastaafu Milton Keynes, kwa hati ya miaka 99. Wakala anayesimamia jengo ametuletea bili ya pauni 640 kila nyumba, ya kubadilisha mfumo wa kengele kwa sababu eti laini za simu za zamani zinafungwa. Hatukuulizwa. Je, ni kweli zinafungwa au ni ujanja?

*Mzee wa Milton Keynes*

JIBU

Wa alaykumus salaam mzee wangu. Laini zinafungwa kweli. Mtandao wa simu za waya za shaba unazimwa Uingereza nzima, na tarehe ya mwisho iliyowekwa ni 31 Januari 2027, baada ya kusogezwa kutoka Desemba 2025. Kengele nyingi za zamani zilipitisha milio yake kwenye laini hizo, na nyingine zikiunganishwa na simu ya intaneti hazifanyi kazi ipasavyo. Hapo wakala hajakudanganya.

Ila ukweli wa kazi haumpi ruhusa ya kuruka utaratibu. Wewe ni mmiliki wa hati ndefu, ada yako karibu kwa hakika ni ya kubadilika, na kwa kazi yoyote itakayomgharimu mmoja wenu zaidi ya pauni 250 alitakiwa kuwapa notisi ya kifungu cha 20 cha sheria ileile ya 1985, kupokea maoni yenu, kuleta makadirio ya bei kutoka kwa zaidi ya mmoja, kisha kuwapa nafasi tena. Asipofanya hivyo anaweza kukusanya pauni 250 tu kutoka kwako, isipokuwa baraza limsamehe. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2013 kwenye shauri la Daejan na Benson, baraza halimnyimi msamaha kwa kukuruka tu. Linauliza umedhurika vipi. Kwa hiyo usiende na "hatukuulizwa" peke yake. Tafuteni wenzenu wachache wa jengo hilo, mwombe bei kwa kampuni mbili nyingine kwa mfumo uleule. Mkipata mtu wa pauni 410, basi mmedhurika 230 na mna karatasi.

Uliza pia mfuko wa akiba wa jengo una kiasi gani. Mmekuwa mkiuchangia kwa ajili ya mambo kama haya, na mara nyingine wakala huandika bili kabla ya kuufungua.

Halafu kuna hili la umeme, ambalo naona linasahauliwa. Simu ya zamani ilikuwa ikipata umeme wake kutoka kwenye waya wa simu. Ya intaneti ikikatika umeme inazimika pamoja na ruta. Mfumo mpya mnaotozwa pauni 640 una betri ya saa ngapi, na una laini ya simu ya mkononi ndani yake ya akiba? Yaandikwe kwenye mkataba. Na kampuni ya simu yako mwenyewe, ukiwaambia kuwa mna kengele ya dharura na mnategemea simu ya nyumbani, wanatakiwa na Ofcom, msimamizi wa kampuni za simu, wawape bure njia ya kupiga simu za dharura kwa angalau saa moja umeme ukiwa umekatika. Hawaji kukugongea kukupa. Piga wewe.

SWALI

Mimi ni mpangaji wa kaunsili, jengo la wazee, Coventry. Sijaanguka hata siku moja, natembea hadi sokoni, sihitaji kamba. Wanasema lazima nilipe. Naweza kukataa?

*Bado Mzima*

JIBU

Mungu akuzidishie. Soma mkataba: ukisema kengele ni sharti la kupanga jengo hilo, utalipa uvute usivute, kwa kuwa ndivyo nyumba ile ilivyotolewa. Ukisema ni ya hiari, andika kuiacha na utake jibu la maandishi.

Na kwa vile wewe ni wa kaunsili, yale ya vifungu vya 19 na 21 niliyomwambia binti wa Leicester hayakuhusu. Wapangaji wa kaunsili wasio na hati ndefu wameachwa nje ya sehemu ile ya sheria. Naona si haki. Wewe una mkataba, una malalamiko ya ngazi mbili, kisha Housing Ombudsman. Ukiamua kutafuta jengo lisilo na kengele, angalia kwanza kodi yake na umbali wa hilo soko lako.

SWALI

Dada, baba yetu anakaa nyumbani kwake mwenyewe Luton, ana kisukari na amekatwa vidole vya mguu. Tumemchukulia kidude cha shingoni kwa kampuni binafsi. Kila mwezi tunatozwa VAT. Sawa?

*Kijana wa Luton*

JIBU

Si sawa. Kengele ya dharura ya mtu mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu, pamoja na huduma ya kituo kinachopokea simu, hutozwa VAT kwa kiwango cha sifuri. Kisukari kinahesabiwa humo. Uzee peke yake hautoshi, kwa hiyo kwenye fomu ya kujieleza, ambayo kampuni inapaswa kuwa nayo, andikeni maradhi ya baba, siyo umri wake. Asaini yeye, au wewe kwa niaba yake ikiwa mkono unamtetemeka. Waombeni pia warudishe VAT mliyokwisha kulipa tangu siku ya kwanza. Wakisema hawana fomu, waulize iko wapi ile waliyowajazisha wateja wengine.